UZI: Jiografia KCSE, mada zipi usome, zipi uache, na hesabu yake

#1 Mchora Kontua

Kila Septemba swali ni lile lile: "Mwalimu, nisome mada gani na zipi niache?" Tuliweke hapa mara moja, kwa kina, ili mtu asidanganywe na karatasi za "utabiri" zinazouzwa mitandaoni.

Naongelea Jiografia ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari Kenya, msimbo 312, karatasi zote mbili. Karatasi ya kwanza (312/1) ni ya maumbile ya nchi pamoja na ramani. Ya pili (312/2) ni ya watu na shughuli zao za kiuchumi, pamoja na takwimu. Kila moja ni saa 2 na dakika 45, alama 100, na sura zao zinafanana. Sehemu A ina maswali mafupi 5, yote ya lazima, alama 25. Sehemu B inaanza na swali la 6 (ramani katika 312/1, mara nyingi takwimu katika 312/2), nalo ni lazima, alama 25. Halafu kuna swali la 7, 8, 9 na 10, unajibu mawili tu, alama 25 kila moja.

Sasa jumlisha. Karatasi mbili ni alama 200. Sehemu A zote mbili ni 50. Maswali ya 6 mawili ni 50. Kwa hiyo alama 100 kati ya 200 hazina kuchagua. Mtu anabishana wiki nzima kama asome volkano au mito, kumbe anabishania nusu ya pili, na ile nusu ya kwanza hajaigusa.

Mpangilio wangu wa kusoma ni huu: ramani kwanza, takwimu pili, kisha utafiti wa nyanjani kwa sababu huo hupachikwa ndani ya maswali ya mada nyingine, halafu ndipo uje kwenye mada za kuchagua. Sehemu A huisomei peke yake. Inatoka popote, na mada uliyoiacha katika Sehemu B bado itakudai fasili zake na mifano yake hapa. "Kuacha" mada maana yake ni kuacha kuisomea jibu la alama 25. Usiache hata kujua maana ya istilahi zake.

#2 dodoso

Uzi mzuri, mwalimu. Swali la haraka: ni mada ngapi mtu anaweza kuziacha bila kujichoma?

#3 NambaTupu

Hili lina jibu la hesabu kabisa, dodoso.

Tuchukue Karatasi ya Kwanza. Mada za maumbile zinazoweza kubeba swali zima la Sehemu B nazihesabu 14: hali ya hewa na tabianchi, miamba, kukunjamana kwa miamba, mipasuko ya ardhi na Bonde la Ufa, volkano, kuchakaa kwa miamba pamoja na maporomoko, mito, maziwa, bahari na pwani, maeneo kame, maji ya chini ya ardhi, barafu, udongo, na mimea ya asili. Mfumo wa jua na matetemeko nimeziweka upande wa Sehemu A.

Maswali ya kuchagua ni manne, unahitaji mawili. Tuseme kila swali linatoka mada yake na kila mada ina nafasi sawa. Makundi ya mada nne kutoka 14 ni 1,001. Ukiacha mada 2, hata zikitoka zote mbili bado umebaki na maswali mawili, uko salama kabisa. Ukiacha 3, yapo makundi 11 kati ya 1,001 yatakayokuacha na swali moja tu unalolijua. Hiyo ni kama asilimia 1. Ukiacha 4, makundi mabaya ni 41, asilimia 4. Ukiacha 5, ni 95, karibu asilimia 9.5. Ukiacha 7, yaani nusu, ni 280, asilimia 28.

Angalia inavyopanda. Kutoka mada 3 kwenda 5 hatari inaongezeka zaidi ya mara nane. Kwangu mimi mpaka ni 3. Ya nne ni kamari, ya saba ni ndoto.

#4 Bi Mikondo

NambaTupu, hesabu ni sawa lakini dhana ya "kila swali mada yake" ina tundu. Swali moja huweza kuanza na maziwa na kumalizia na mito, au sehemu (a) ikauliza kuchakaa kwa miamba na sehemu (c) ikauliza udongo. Hapo mada uliyoiacha inakula alama 8 au 10 ndani ya swali ulilodhani ni lako. Pia mfumo wa jua na matetemeko hakuna sheria inayoyazuia kuingia Sehemu B. Kwa hiyo mpaka wa 3 niuite wa juu kabisa, na bora uwe 2.

Lakini kuna habari njema ambayo watu hawaitumii. Mada hizi si visiwa. Zinagawana maarifa, na ukizisoma kwa makundi, 14 zinakuwa kama 8.

Chukua mito, pwani, maeneo kame na barafu. Zote nne zina mifupa mitatu: kumomonyoa, kusafirisha, kuweka. Kinachobadilika ni mtendaji na mbinu zake. Mto hupiga kwa nguvu ya maji, hukwaruza kwa mawe uliyobeba, hayo mawe husagana yenyewe kwa yenyewe, na maji huyeyusha. Bahari inafanya hayo yote manne, inaongeza na hewa iliyobanwa kwenye nyufa za majabali. Upepo unakwaruza, unapeperusha mchanga mkavu, na chembe zinasagana, hauyeyushi chochote. Barafu inang'oa mawe na kukwaruza. Chora jedwali moja lenye safu nne, na umeshasoma robo ya kila mada kwa jioni moja.

Kundi la pili ni mipasuko, volkano na maziwa. Ukishajua Bonde la Ufa lilivyotokea, maziwa ya bondeni ni yako: Turkana, Baringo, Bogoria, Nakuru, Elementaita, Naivasha, Magadi. Ukijua volkano, una ziwa la kreta (mdomo wa volkano) kama Paradise kule Marsabit, na maziwa yaliyozibwa na lava kama Bunyonyi, Uganda. Ziwa Victoria lenyewe ni la kudidimia kwa ardhi, usiliweke bondeni. Kosa hilo linarudi kila mwaka. Ongeza maziwa madogo ya barafu juu ya Mlima Kenya, kwa mfano Teleki, na mada ya maziwa imekwisha bila kuisomea peke yake.

Kundi la tatu ni tabianchi, mimea na udongo. Ukielewa mvua na joto la eneo, mimea yake unaweza kuikisia na ukapata, na udongo wake vilevile.

Kati ya zinazobaki, zinazoelea peke yake ni maji ya chini ya ardhi, miamba na kukunjamana. Kama lazima uache, acha humo. Ila miamba sikushauri, ni fupi na Sehemu A inaipenda.

#5 Kidato Huru

Mimi ningeacha barafu bila kufikiri. Sisi tuna theluji wapi? Mlima Kenya peke yake, na nayo inayeyuka.

#6 Mchora Kontua

Kidato Huru, hapo umeteleza. Barafu ni katika mada nafuu kuliko zote, sababu maumbo yake ni machache na yanazaana. Korii ni shimo lililochimbwa na barafu ubavuni mwa mlima; makorii mawili yakipakana, kuta zao zikikaribiana zinakuwa areti, yaani ukingo mwembamba mkali, makorii matatu au zaidi yakirudi nyuma kuelekea katikati yanaacha kilele cha piramidi. Hatua za korii ukizijua, mengine mawili ni mwendelezo. Ulinganishe na pwani, yenye maumbo ya kumomonyolewa, ya kuwekwa, pwani zilizoinuka na zilizozama, matumbawe na nadharia zake.

Usichague mada kwa kuipenda au kuichukia. Ipime. Chukua karatasi tupu, weka dakika 12, chora maumbo matatu ya mada hiyo, yaandikie majina ya sehemu zake, na uandike hatua za kutokea kwa moja. Ukimaliza mawili vizuri, mada ibaki. Ukikwama lote, ndiyo ya kuachwa, au ndiyo inayotaka siku tatu za kazi.

Mfano wa kilicho kizuri, kwa Bonde la Ufa kwa nguvu za mvutano:

Tabaka za miamba zilikuwa mlalo. Nguvu za mvutano zikazivuta pande mbili zinazoachana. Ikatokea mipasuko ya kawaida miwili inayokwenda sambamba. Mvutano ukaendelea, pande zikazidi kuachana, kipande cha kati kikadidimia. Vipande vya kando vikabaki juu au vikainuka, kuta zao ndizo magenge. Upande wa chini uliopatikana ndio bonde la ufa.

Hizo ni hatua sita, pamoja na michoro miwili: kabla na baada. Mishale ya nguvu lazima ionekane ikielekea nje. Kosa ninaloliona zaidi ya yote ni mishale ya mvutano kuchorwa pamoja na mipasuko ya kinyume, ambayo ni ya mkandamizo. Msahihishaji akiona hivyo, mchoro unapingana na maelezo na alama zinakimbia. Na mchoro usio na majina ya sehemu zake ni pambo tu.

#7 Mlezi2

Mnaruka haraka mkaenda kwenye mada. Ramani mmesema ni ya kwanza, basi ifafanueni. Alama 25 za lazima hizo.

#8 Mchora Kontua

Kweli, nilisema kisha nikaiacha. Ramani nyingi za mtihani ni za skeli ya 1:50,000, yaani sentimita 2 ni kilomita 1, na kila mraba wa gridi ni kilomita mraba 1. Kontua (mistari inayounganisha sehemu zenye kimo sawa) kwa kawaida zinapishana kwa mita 20, lakini hakikisha pembezoni mwa ramani uliyopewa. Stadi zenyewe si nyingi. Hizi hapa, na mahali zinapovunjikia.

Umbali wa barabara yenye kona: tumia uzi au ukingo wa karatasi, geuza kila kona. Ukipata sentimita 17.4, gawa kwa 2, ni kilomita 8.7. Wanaokosea hupima kwa rula moja kwa moja, au husahau kuandika kilomita.

Eneo: hesabu miraba kamili, kisha isiyo kamili gawa kwa 2. Miraba kamili 14 na vipande 11 ni 14 + 5.5, jumla kilomita mraba 19.5.

Mteremko: tofauti ya kimo kwa umbali wa mlalo, vyote kwa kipimo kimoja. Kutoka mita 1,600 hadi 1,840 ni mita 240. Umbali ramanini sentimita 6 ni kilomita 3, yaani mita 3,000. 240 kwa 3,000 ni 1:12.5. Mtu akigawa 240 kwa 3 au kwa 6, jibu linatoka la ajabu na haliulizwi lilikotoka.

Mkato wa ardhi (mchoro wa nchi ikitazamwa kwa ubavu): hapa ndipo alama nyingi zinapopotea. Chukua ukingo wa karatasi, weka kwenye mstari, tia alama kila kontua na namba yake, hamishia kwenye msingi wa urefu uleule, pandisha kwa skeli ya wima, unganisha kwa mkono mlaini bila rula. Kisha andika kichwa, skeli zote mbili, na uonyeshe vitu ulivyoombwa, kama mto au barabara. Ukiulizwa ukuzaji wa wima, yaani vimo vimekuzwa mara ngapi kuliko umbali wa mlalo, gawa 50,000 kwa skeli ya wima ikiwa katika sentimita. Skeli ya sentimita 1 kwa mita 40 ni 1:4,000, jibu ni mara 12.5. Wengi hugawa 50,000 kwa 40, wanapata 1,250 na wanaendelea na safari. Mlima uliokuzwa mara 1,250 ungetoboa paa la ukumbi wa mtihani.

Kupunguza ramani kwa nusu: kipande cha sentimita 10 kwa 8 kinakuwa 5 kwa 4, na skeli mpya ni 1:100,000. Wanachora vizuri halafu wanaandika skeli ya zamani.

Halafu maswali ya "toa ushahidi". Jibu ni vitu viwili vikiwa pamoja: shughuli, na kitu kinachoonekana ramanini. Ufugaji, kwa sababu kuna josho la ng'ombe. Kilimo cha kahawa, kwa sababu kuna kiwanda cha kahawa. Uchimbaji wa mawe, kwa sababu kuna alama ya machimbo. Shughuli peke yake haikubaliki, na ushahidi unaoujua kwa kuwa unaishi karibu na eneo hilo lakini haumo ramanini ni upepo.

Fanya ramani moja kamili kila wiki. Ramani haikaririwi, mkono ndio unaozoea.

#9 Karatasi ya Pili

Mmeisahau 312/2 kama kawaida. Nije nayo.

Swali la 6 la huku mara nyingi ni jedwali la takwimu, na picha nayo huingia. Aina za michoro za kuzoea: grafu ya mistari, ya nguzo, chati duara, mstatili uliogawanywa, duara zinazolingana na thamani, piramidi ya umri na jinsia. Fomula zake fupi. Tuseme jumla ni 1,800 na zao moja ni 720. Kwa chati duara ni 720 gawa 1,800 mara 360, nyuzi 144. Kwa mstatili wa sentimita 15 ni 720 gawa 1,800 mara 15, sentimita 6. Kwa duara zinazolingana, tafuta kipeuo cha pili kwanza: 6,400 kipeuo chake ni 80, na 2,500 ni 50. Ukiamua sentimita 1 iwakilishe 40, nusukipenyo ni sentimita 2 na 1.25. Mtu anayeruka kipeuo hupata duara moja kubwa kuliko karatasi.

Onyesha hesabu zote. Andika kichwa, ufunguo, majina ya mihimili, skeli. Vitu hivyo vidogo ni alama za bure na ndivyo vinavyosahaulika.

Picha: igawe mara tatu kwa tatu, mbele, kati na nyuma, kisha kushoto, katikati na kulia. Ukisema "kuna nyumba" hujasema. "Kuna nyumba nyuma upande wa kulia" ndilo jibu. Na taja aina ya picha: ya ardhini ya karibu, ya ardhini ya jumla, ya angani iliyoinama, au ya angani ya wima.

Mada za kuchagua huku nazo nazihesabu 14 nikigawa kilimo kuwa cha mimea na cha mifugo. Nyingine ni misitu, madini, ukombozi wa ardhi (kuigeuza ardhi isiyofaa iweze kutumika), uvuvi, wanyamapori na utalii, nishati, viwanda, usafiri, biashara, idadi ya watu, miji, na mazingira. Hesabu ya NambaTupu inafanya kazi vilevile.

Tofauti ni kwamba hapa mtego ni nchi za kulinganishwa. Kahawa ni Kenya na Brazil. Ngano na misitu, Kenya na Kanada. Mboga na maua, Kenya na Uholanzi. Ng'ombe wa maziwa, Kenya na Denmark. Ng'ombe wa nyama, Kenya na Argentina. Uvuvi, Kenya na Japani. Utalii, Kenya na Uswisi. Idadi ya watu, Kenya na Uswidi. Miji, Nairobi na New York, Mombasa na Rotterdam. Ukisoma upande wa Kenya tu umesoma nusu ya mada. Na swali la tofauti linataka pande zote mbili katika sentensi moja: Denmark ng'ombe hufungiwa ndani na kulishwa wakati wa baridi kali, ilhali Kenya hulishwa malishoni mwaka mzima. Upande mmoja peke yake ni sifuri.

#10 dodoso

Kilimo ni kikubwa mno, mwalimu. Mtu akisome chote? Chai, kahawa, miwa, mahindi, kakao ya Ghana, michikichi ya Nigeria...

#11 Karatasi ya Pili

Usiache kilimo, ila usikisome zao kwa zao kama riwaya. Tengeneza safu tano: linakolimwa, mahitaji ya hali ya hewa na udongo, hatua kutoka shambani hadi kiwandani, matatizo, na faida. Kila zao mstari mmoja, ukurasa mmoja unatosha mazao sita.

Na uwe mahususi. "Hali nzuri ya hewa" na "udongo mzuri" hazina alama. Chai inataka mvua nyingi iliyosambaa mwaka mzima, udongo wenye kina na asidi, wa kivolkano, na miteremko isiyotuamisha maji. Mahali: Kericho, Nandi, Limuru, Kisii, Murang'a. Hatua kiwandani: kunyausha majani, kuyakata na kuyasaga, kuyaacha yachachuke, kuyakausha, kuchambua kwa daraja, kufunga. Kahawa kiwandani ni tofauti: kumenya maganda mekundu, kuchachusha ili utelezi utoke, kuosha, kukausha, kukoboa. Hatua ya kuchachusha ipo kote kuwili, basi wanafunzi wanazichanganya.

Mada ninayoiona nafuu kwa alama zake ni ukombozi wa ardhi. Kenya ina Mwea (maji ya mito Thiba na Nyamindi), Perkerra, kukausha kinamasi cha Yala, kudhibiti mbung'o bonde la Lambwe. Uholanzi ni mradi wa Zuider Zee: boma kubwa la kuzuia bahari lilikamilika 1932, ghuba ikawa ziwa la maji baridi la IJssel, kisha maeneo yakazungushiwa maboma na kukaushwa moja baada ya jingine. Hatua zake ni rahisi kukumbuka: jenga boma, pampu maji ya chumvi nje, panda matete kunyonya unyevu, safisha chumvi kwa maji baridi, chimba mifereji, lima. Tahadhari moja: Markerwaard ilipangwa lakini haikukaushwa, usiiorodheshe kama shamba.

Nishati pia ina mtego mdogo. Mradi wa umeme wa maji wa Seven Forks jina linasema saba, mabwawa yaliyojengwa ni matano. Kutoka juu kushuka Mto Tana ni Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma, Kiambere.

Na kitabu chako kikiwa cha zamani, rekebisha namba. Sensa ya 2019 ilihesabu watu milioni 47.6 Kenya, vitabu vingi bado vina milioni 38.6 ya 2009. Ruhr nako, eneo la viwanda la Ujerumani, mgodi wa mwisho wa makaa ya mawe ulifungwa 2018. Swali la kwa nini viwanda vya chuma vilikua pale bado linajibiwa kwa makaa na mto Rhine, ila usiandike kwamba leo wanachimba.

#12 Pwani Kusini

Uvuvi ongeza hili, huwa wanajibu kijuujuu. Japani samaki ni wengi kwa sababu mkondo wa joto wa Kuroshio unakutana na mkondo baridi wa Oyashio, maji yanachanganyika na chakula cha samaki kinastawi. Pwani yetu maji ni ya joto tupu, na eneo la maji ya kina kifupi karibu na nchi kavu ni jembamba, hivyo chakula hicho ni kidogo. Ukiandika tu "Japani wana meli za kisasa" umejibu swali la mbinu, si la sababu za maumbile.

#13 Jirani wa Kusini

Wakuu, huku Tanzania kidato cha nne Jiografia ni karatasi moja, msimbo 013. Kipi kinabebeka?

#14 Bi Mikondo

Jirani, ramani, picha na takwimu vinabebeka vilivyo, na nyie mna nyongeza mbili: upimaji wa ardhi na utangulizi wa utafiti. Kwenye upimaji jua kutofautisha kupima kwa mnyororo, kwa dira, kwa meza na kwa kusawazisha vimo. Kila kimoja vifaa vyake, faida, kasoro. Mgawanyo wa alama usiuchukue huu wetu. Fungua ukurasa wa kwanza wa mtihani wenu wa karibuni, soma maagizo, kisha urudie hesabu ya #3 kwa namba zenu.

#15 Mlezi2

Zimebaki wiki 8. Mtoto ana saa 5 kwa wiki za Jiografia, si zaidi. Mgawieni.

#16 Mchora Kontua

Hizo ni saa 40, Mlezi. Ramani 8, yaani saa 1 kila wiki bila kuruka. Takwimu 5. Picha 2. Utafiti wa nyanjani 2. Fasili za mada zote kwa ajili ya Sehemu A, 4. Mada za Karatasi ya Kwanza 9, za Karatasi ya Pili 10. Ni chache kwa mada, ndiyo maana makundi ya Bi Mikondo ni lazima. Kama ramani tayari anaiweza, yaani anapata zaidi ya 18 kati ya 25 mara mbili mfululizo, chukua saa 3 zake uzipeleke kwenye kilimo.

Utafiti wa nyanjani hizo saa 2 zinatosha kwa sababu jibu ni lile lile, unalivisha mada. Maandalizi: kuomba ruhusa, ziara ya awali, kuunda dhana tete, kuandaa dodoso, kugawana makundi, kupanga ratiba, kukusanya vifaa. Kukusanya data: kutazama, kuhoji, kupima, kuchukua sampuli, kupiga picha, kuchora. Lakini livishe kweli. Kama ni mto, pima upana kwa kamba, kina kwa fito yenye alama, kasi kwa kitu kinachoelea na saa. "Tulipima" peke yake, msahihishaji atajiuliza mlipima nini.

#17 NambaTupu

Na muda ndani ya chumba: dakika 165 kwa alama 100. Dakika 40 kwa kila alama 25, zinabaki 5. Hizo 5 ndizo za kusoma swali la 7 hadi 10 lote, mpaka kipengele cha mwisho, kabla hujachagua. Wengi wanachagua kwa kuona mada kwenye (a) yenye alama 2, wanagundua (d) yenye alama 8 hawaijui wakiwa wameshaandika ukurasa. Jumlisha alama za vipengele unavyoviweza katika kila swali, chukua mawili yenye jumla kubwa. Hata kama moja ni la mada "uliyoiacha".

#18 Pwani Kusini

Na wasome neno la kwanza la swali. Mtihani uko kwa Kiingereza, lakini kazi ni zile zile. Kutaja ni alama 1 kwa hoja, maneno machache. Kueleza sababu ni alama 2 kwa hoja: hoja, halafu kwa nini au matokeo yake. Swali la "eleza sababu tatu" lenye alama 6 ukiandika hoja sita fupi bila sababu unaondoka na 3.

#19 Kidato Huru

Sawa, barafu nimeirudisha. Nimeacha maji ya chini ya ardhi na kukunjamana. Sasa swali dogo la Sehemu A: hesabu za saa kwa longitudo zinanivuruga.

#20 Bi Mikondo

Nyuzi 15 ni saa 1, nyuzi 1 ni dakika 4. Miji ikiwa upande mmoja wa Greenwich toa nyuzi, ikiwa pande mbili jumlisha. Mji A uko 30 Mashariki, ni 8.00 a.m. Mji B uko 45 Magharibi. 30 + 45 ni 75, mara 4 ni dakika 300, saa 5. B yuko magharibi, yuko nyuma: 3.00 a.m.

Kinachowavuruga wengi si hesabu. Ni kufikiria "saa mbili asubuhi" kichwani kisha kuandika 2.00 a.m. kwenye karatasi. Fanya hesabu yote kwa saa za mtihani tangu mwanzo, na usisahau a.m. au p.m. mwishoni. Ukivuka saa sita za usiku, andika na siku.